Fedha ya Tikiti: Habari za Kugharimia na Kusambaza Filamu Huru katika Afrika ya Magharibi, 1955–1984

Mtazamaji hununua tikiti mlangoni mwa jumba la sinema, akaingia, akatazama, akaenda zake. Na kwake yeye shughuli imekwisha. Kwa fedha aliyoiacha mlangoni, shughuli ndiyo kwanza yaanza. Sehemu yake huchukuliwa na mwenye jumba. Sehemu huenda serikalini kwa njia ya kodi. Sehemu humpata msambazaji, yaani mfanyabiashara aliyeileta nakala ya filamu mjini. Na sehemu ya mwisho, ikiwa imesalia, humrudia yule aliyeitengeneza. Makala haya yanakusudia kuifuata safari ya fedha hiyo katika nchi za Afrika ya Magharibi zilizokuwa chini ya Ufaransa, tangu mwaka 1955, vijana wachache wa Kiafrika walipotengeneza filamu yao mjini Paris, hadi mwaka 1984, lilipovunjika shirika kubwa waliloliombea miaka mingi kwa ajili ya kusambaza filamu.

Yafaa kwanza kulieleza neno lenyewe. Filamu huru ni ile isiyotengenezwa na kampuni kubwa yenye karakana, wachezaji, na njia zake za kuuzia. Mwenye filamu ya namna hii hutafuta mtaji mwenyewe, hapa kidogo na pale kidogo; na akiisha kuimaliza kazi, hutafuta tena mtu wa kumfikishia kwa watazamaji. Basi maswali yake ni mawili: nani atakayetoa fedha kabla ya filamu kuwako, na fedha hiyo itarudi kwa njia gani baada ya filamu kuwako. Wengi walioandika habari za sinema ya Afrika wamelishughulikia swali la kwanza zaidi. Walakini historia ya miaka hiyo thelathini yaonyesha kwamba jawabu la swali la kwanza limo ndani ya la pili. Asiyeijua njia ya kurudisha fedha hubaki mwombaji siku zote, na mwombaji hachagui hata lugha ya kusemea.

Soko lenye wenyewe

Katika mwaka 1934 serikali ya Ufaransa ilitoa amri, ijulikanayo kwa jina la waziri Pierre Laval, kwamba mtu asipige picha za sinema katika makoloni ya Afrika bila ya idhini ya serikali. Amri hiyo haikuwazuia sana Wafaransa, iliwazuia wenyeji. Ndiyo maana Paulin Soumanou Vieyra, mzaliwa wa Dahomey aliyesomea kazi ya sinema katika chuo cha IDHEC, alitengeneza pamoja na wenzake filamu fupi ya Afrique-sur-Seine mwaka 1955 katika mitaa ya Paris, wala si Afrika.

Lakini wakati Waafrika walipokuwa wakizuiliwa kutengeneza, hawakuzuiliwa kutazama. Majumba ya sinema yalikuwako Dakar, Abidjan, Bamako na Ouagadougou, na watu walijaa. Biashara hiyo ilishikwa na kampuni mbili za Kifaransa, COMACICO na SECMA, ambazo ziligawana soko la nchi zipatazo kumi na nne. Kampuni hizo zilikuwa na majumba yao wenyewe; na hata majumba ya watu wengine yalipata filamu kwao, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuzipata. Mwenye jumba hakuchagua filamu moja moja. Aliletewa mzigo uliokwisha fungwa: za Marekani, za Ufaransa, za Kihindi na za Kimisri, nzuri na mbaya pamoja, naye akaonyesha kwa zamu.

Hapo ndipo penye ufunguo wa jambo lote, na hesabu yake si ngumu. Filamu iliyotengenezwa Hollywood au Bombay ilikuwa imekwisha rudisha gharama zake huko kwao kabla ya nakala yake kupakiwa kwenda Dakar. Kila senti iliyoipata Afrika ilikuwa faida juu ya faida. Kwa hiyo msambazaji aliweza kuinunua kwa bei ndogo, na kuilipa mara moja kwa mkupuo. Filamu iliyotengenezwa na Msenegali, kwa upande wake, haikuwa na soko jingine la kuirudishia gharama. Ilikuwa lazima ijilipie yote katika majumba yale yale, mbele ya wapinzani waliokuwa wamekwisha jilipa. Msomaji wa pwani atakumbuka habari za merikani katika karne ya 19: nguo ile haikuwashinda wafumaji wa kienyeji kwa uzuri wake, iliwashinda kwa bei, kwa kuwa ilitoka katika viwanda vyenye soko kubwa kwao. Filamu nazo ziliingia Afrika ya Magharibi kwa mlango huo huo.

Tena palikuwa na tofauti ya malipo. Filamu ngeni ililipiwa mkupuo, na ile ya Mwafrika, ikikubaliwa, aghalabu ililipwa kwa sehemu ya mapato. Malipo ya sehemu yaonekana kuwa ya haki, lakini yanahitaji hesabu ya kuaminika. Mtengenezaji aliyeko Dakar hawezi kusimama mlangoni Abidjan akahesabu vishina vya tikiti. Aambiwacho ndicho apokeacho.

Mnunuzi mmoja

Baada ya nchi hizo kupata uhuru mwaka 1960, Ufaransa ilianzisha katika Wizara yake ya Ushirikiano ofisi ya sinema, mwaka 1963, ikiongozwa na Jean-René Debrix. Ofisi hii ilifanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza, ilishiriki katika utengenezaji wenyewe kwa kutoa fedha, mafundi na nafasi ya kuhariri filamu mjini Paris. Ya pili, ilimwacha mtengenezaji ahangaike mpaka amalize, kisha ikanunua haki za kuionyesha filamu yake katika vituo vya utamaduni vya Ufaransa na mahali pengine pasipo na biashara. Haki za biashara zilibaki kwa mwenyewe.

Hapana shaka kwamba bila ya ofisi hiyo filamu nyingi za miaka ile zisingezaliwa. Yafaa kulisema hilo waziwazi, kwa kuwa mara nyingi husahauliwa na walalamikaji. Lakini msaada huo ulikuwa na kasoro katika mpango wake. Haki zilizonunuliwa ndizo zilizotumika, na haki zilizobaki ndizo zilizokosa kazi. Filamu ilionyeshwa bure kwa wasomi wachache katika kituo cha utamaduni, na majumba ya sinema ya mji huo huo yakawa yaonyesha filamu za ng'ambo. Mtengenezaji alilipwa mara moja na mnunuzi mmoja. Hakujenga wateja, na filamu yake ya pili ilimrudisha mlangoni pale pale.

Mfano ulio bora ni wa Ousmane Sembène wa Senegal. Sembène alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, akafanya kazi ya upakizi bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, kisha alipokaribia umri wa miaka arobaini akaenda Moscow kujifunza kazi ya filamu. Sababu yake ilikuwa ya lugha: vitabu vyake vilikuwa kwa Kifaransa, na watu aliowaandikia hawakuweza kuvisoma. Mwaka 1963 alitoa Borom Sarret, filamu fupi ya mwendesha gari la farasi mjini Dakar, na ofisi ya Paris ikainunua. Alipoleta habari ya La Noire de..., ya msichana wa Dakar anayepelekwa Ufaransa kuwa mtumishi wa nyumbani na kuishia kujiua, ofisi ikaikataa. Sembène akaitengeneza kwa njia nyingine, pamoja na André Zwoboda wa shirika la Actualités Françaises. Na kwa kuwa hakuwa na kitambulisho cha kazi kilichotakiwa na sheria za Ufaransa kwa mtengenezaji wa filamu ndefu, ilibidi filamu ipunguzwe isizidi muda wa filamu fupi. Mwaka 1966 ilipata tuzo ya Jean Vigo. Na ofisi ile iliyoikataa ikanunua haki zake baadaye.

Filamu mbili katika moja

Katika kuitengeneza Mandabi, mwaka 1968, Sembène alipata fedha kutoka katika Kituo cha Taifa cha Sinema cha Ufaransa. Hizi hazikuwa sadaka: zilikuwa malipo ya kutangulia, yanayotarajiwa kurudishwa kutoka katika mapato. Lakini fedha za Kifaransa ziliandamana na mtengenezaji wa Kifaransa, na mtengenezaji huyo na soko lake wakaandamana na lugha ya Kifaransa. Sembène alitaka Kiwolofu. Hatimaye filamu ilipigwa mara mbili: wachezaji wale wale walisema maneno yao kwa Kiwolofu, kisha wakayasema kwa Kifaransa, na zikatoka filamu mbili, Mandabi na Le Mandat. Katika maonyesho ya Venice ya mwaka huo ilipata tuzo.

Mwenye kuchunguza lugha hana budi kusimama kidogo hapa. Kupiga filamu mara mbili ni gharama: ni mkanda zaidi, ni siku zaidi, ni kazi zaidi ya maabara. Gharama hiyo yote ililipwa ili Mwolofu aseme Kiwolofu nyumbani kwake. Kiasi hicho ndicho, kwa hesabu ya fedha taslimu, kilichokuwa bei ya lugha ya Kiafrika katika sinema ya mwaka 1968. Na kisa chenyewe cha filamu hiyo chafanana na hali ya mwenyewe aliyeitunga: Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi, aletewa hawala ya fedha kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris, akashindwa kuipokea kwa kuwa hana kitambulisho, na kila ofisi aendayo yamrudisha kwa nyingine, mpaka fedha ikaishia mikononi mwa mjanja. Fedha imetoka Paris, imefika Dakar, na mwenyewe haipati.

Yadhaniwa na wengi kwamba kuipata fedha kwa serikali ya nyumbani kungekuwa dawa. Senegal iliunda Shirika la Taifa la Sinema mwaka 1973, na shirika hilo likashirikiana na kampuni ya Sembène mwenyewe katika kuitengeneza Xala, iliyotoka mwaka 1975. Serikali hiyo hiyo iliyotia fedha yake ikaamuru sehemu kadhaa za filamu zikatwe kabla ya kuonyeshwa; naye Sembène akawagawia watazamaji karatasi zilizoeleza yaliyokatwa. Kisha ikafuata Ceddo, ya mwaka 1977, ambayo ilizuiliwa Senegal, na sababu iliyotolewa rasmi ikawa ni tahajia. Sheria ya Rais Senghor ya kuandika Kiwolofu ilitaka neno hilo liwe na d moja. Sembène aliliandika kwa d mbili, kama yalivyo matamshi aliyoyaona kuwa sahihi, akakataa kuifuta hata moja. Sembène hakuwa mtu wa kubahatisha katika jambo hilo, kwani mapema katika miaka ya 1970 yeye na mwanaisimu Pathé Diagne walikuwa wametoa gazeti la Kiwolofu liitwalo Kaddu. Watu wengi walishuku kwamba kilichoichukiza serikali ni habari za dini na watawala zilizomo ndani ya filamu. Iwe iwavyo, herufi moja ilitosha kuifungia filamu nzima majumba ya nchi yake. Na filamu isiyoonyeshwa hairudishi kitu.

Majumba bila filamu

Jaribio la kwanza kubwa la kulijibu swali la pili, la njia ya kurudi, lilifanyika katika nchi iliyokuwa maskini kuliko Senegal. Mwezi wa Februari mwaka 1969 watu wa Ouagadougou, mji mkuu wa Volta ya Juu, waliandaa wiki ya sinema ya Afrika, ambayo baadaye ikawa maonyesho makubwa ya FESPACO. Wenyeji walikuja kwa wingi kutazama filamu za Waafrika ambazo majumba yao hayakuwa yakizionyesha. Hoja ya wasambazaji, kwamba filamu za namna hiyo hazina watazamaji, ikawa imejibiwa kwa macho.

Mwaka uliofuata kukatokea ugomvi baina ya serikali na zile kampuni mbili juu ya bei za tikiti na kodi. Tarehe 5 Januari 1970 serikali ya Rais Sangoulé Lamizana ikayataifisha majumba ya sinema, ambayo hayakupita sita, na kuyaweka chini ya shirika la taifa, SONAVOCI. Kampuni zikajibu kwa silaha iliyokuwa mkononi mwao: zikaacha kuleta filamu.

Ndipo ilipoonekana dhahiri kwamba jumba la sinema, bila filamu ya kuonyesha, ni nyumba yenye viti vingi tu. Jumba moja lahitaji filamu nyingi kwa mwaka ili lifunguliwe kila usiku, na filamu za Waafrika hazikuwa za kutosha kwa kazi hiyo. Filamu za kigeni zilihitajika ili milango ibaki wazi, na waliozishika ni wale wale walionyang'anywa majumba. Serikali ikalazimika kurudi mezani kupatana nao. Hata hivyo haikurudi mikono mitupu. Majumba yalibaki kuwa ya taifa, na sehemu ya fedha ya kila tikiti ikatengwa katika mfuko wa kuendeleza sinema. Kutoka katika juhudi hiyo ilitoka Le Sang des parias ya Mamadou Djim Kola, filamu ndefu ya kwanza ya nchi hiyo. Na miaka kumi baadaye, mwaka 1982, ikatoka Wend Kuuni ya Gaston Kaboré, iliyotengenezwa kwa fedha ya nchi yenyewe, na wachezaji wake wakisema Kimoore. Filamu hiyo ilipendwa nyumbani, na mwaka 1985 ikapewa tuzo ya César mjini Paris.

Yafaa kuzilinganisha Mandabi na Wend Kuuni. Ya kwanza ililipa gharama mara mbili ili isemwe kwa Kiwolofu. Ya pili ilisemwa kwa Kimoore bila ya kuomba ruhusa ya mtu, kwa sababu waliokuwa wameilipia ni wanunuzi wa tikiti wanaosema Kimoore. Hakuna sera ya lugha iliyofanya tofauti hiyo. Iliyoifanya ni njia ya fedha.

Shirika la nchi kumi na nne

Somo la Ouagadougou lilieleweka. Nchi moja yenye majumba sita haiwezi kupatana na muuzaji wa dunia nzima; nchi nyingi pamoja zaweza. Chama cha watengenezaji filamu wa Afrika, FEPACI, kilichozaliwa miaka ile ile, kilidai kwamba biashara ya kuingiza na kusambaza filamu iwe ya Waafrika wenyewe. Katika mwaka 1973 kampuni ya Kifaransa ya UGC ilikuwa imekwisha yachukua mamlaka ya COMACICO na SECMA, ikiendesha biashara kwa jina la SOPACIA. Basi bwana alibadilika jina tu. Mwaka 1974 wakuu wa nchi za umoja wa OCAM walikubaliana kuunda shirika la pamoja la kusambaza filamu, CIDC, makao yake yakiwa Ouagadougou. Miaka ikapita katika mashauri. Kufikia mwaka 1980 shirika lilikuwa limeichukua kazi ya usambazaji kutoka kwa Wafaransa na limeanza kuhudumia soko la nchi kumi na nne, likiongozwa na Inoussa Ousseini wa Niger, mtengenezaji filamu yeye mwenyewe.

Mpango wake ulikuwa wa akili. CIDC ingenunua filamu za kigeni kwa jumla, kwa niaba ya nchi zote, na kwa hiyo kwa bei nafuu. Ingeyauzia mashirika ya kila nchi. Na faida yake ingefungulia filamu za Afrika njia ya kupita katika majumba yale yale. Filamu ya Kihindi ingelipa nauli ya filamu ya Mali. Filamu ya Mwafrika ikatazamwa Dakar, Niamey na Douala kwa mkataba mmoja, jambo ambalo halikupata kuwako kabla yake.

Mwaka 1984 shirika likavunjika. Si kampuni za kigeni peke yake zilizoliua, ingawa hazikulitakia mema. Nchi wanachama hazikutoa michango yote ya mtaji waliyoahidi. Na mashirika ya nchi, yakiisha kuonyesha filamu na kupokea fedha mlangoni, hayakupeleka makao makuu kile kilichokuwa haki ya shirika. Madeni yakalundikana. Msambazaji asiyelipwa hana cha kununulia mzigo mpya. Na majumba yakikosa mzigo mpya hununua kwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ilipotea hata habari zake zikijulikana, kwa kuwa aliyekuwa na daftari hakuwa na uwezo wa kumdai mwenye kisanduku cha fedha.

Watengenezaji wenyewe walikuwa wameliona jambo hili mapema. Katika mkutano wao wa Niamey wa Machi 1982 walieleza kwamba utengenezaji wa filamu hauwezi kusimama peke yake: unategemea majumba, uingizaji na usambazaji, mitambo, na mafunzo; na kimoja kikilegea vyote hulegea. Wakataka fedha ya kutengenezea filamu itoke katika kodi ya sinema yenyewe, na tikiti zisimamiwe na taifa ili mapato ya kila jumba yajulikane. Mapendekezo haya hayana utukufu wa hotuba za ukombozi. Yahusu vishina vya tikiti na risiti. Lakini ndiyo yaliyobeba uhai wa kazi yao.

Watazamaji kuwa wenye mali

Katika miaka hiyo hiyo, mbali na Afrika, palikuwa na jawabu jingine ambalo yafaa litajwe kwa ajili ya kulinganisha, maana halikutegemea dola wala kampuni. Katika jimbo la Gujarat, Uhindi, wakulima wafugaji wapatao 500,000 waliokuwa wanachama wa vyama vya ushirika vya maziwa walitoa rupia 2 kila mmoja, na kwa fedha hiyo Shyam Benegal akatengeneza filamu ya Manthan, mwaka 1976, inayoeleza habari za kuundwa kwa ushirika kama wao. Ilipotoka, wafugaji walisafiri kutoka vijijini kuja kuitazama filamu waliyoiita yao.

Ubora wa mpango huo haumo katika udogo wa mchango tu. Maswali mawili yaliyotajwa mwanzoni yalijibiwa kwa pamoja: aliyetoa mtaji ndiye aliyenunua tikiti, na daftari lilikuwa tayari, kwani ushirika wa maziwa ulikwisha zoea kumhesabia kila mwanachama lita zake na fedha zake kila siku. CIDC ilikuwa na soko kubwa zaidi, lakini haikuwa na mazoea hayo.

Upande wa Kiswahili

Habari hizi za magharibi zina jamaa zao mashariki. Mwaka 1968 serikali ya Tanzania iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania na kuipa mamlaka ya kuingiza na kusambaza filamu nchini, kwa nia ile ile ya kuifanya faida ya filamu ngeni isaidie filamu za nyumbani. Filamu zilizotengenezwa zilikuwa chache, na kazi kama Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, zilihitaji ushirikiano wa watu wa nje. Majumba mengi ya sinema yakafungwa katika miaka iliyofuata. Kisha, baada ya mwaka 2000, filamu za Kiswahili zikachipuka kwa wingi bila jumba wala serikali, zikipigwa kwa video na kuuzwa madukani katika kanda na baadaye katika sahani, Dar es Salaam ikiwa ndiyo kitovu.

Filamu hizo ziliijibu hoja ya lugha kwa nguvu kuliko filamu yoyote ya magharibi: zilisema Kiswahili tangu mwanzo, zikavuka mipaka mpaka Kenya na Kongo, na hakuna aliyehitaji kuzipiga mara mbili. Lakini katika usambazaji zilirudi mahali ambapo Sembène alianzia. Wasambazaji walikuwa wachache. Mtengenezaji aghalabu aliuza haki zake zote kwa mkupuo. Nakala ngapi ziliuzwa baadaye ni jambo alilolijua mnunuzi peke yake. Na nakala za wizi zikala kilichosalia. Mnunuzi mmoja wa Paris wa mwaka 1963 na mnunuzi mmoja wa Kariakoo wa miaka ya 2000 hawafanani kwa nia, maana wa kwanza alitafuta heshima ya nchi yake na wa pili alitafuta riziki yake. Kwa mtengenezaji matokeo ni mamoja: amelipwa mara moja, na filamu ya pili yaanza na mfuko mtupu.

Katika habari hizi zote yaonekana kwamba hapakukosekana vipaji, wala watazamaji, wala hata fedha, kwa kuwa watu walilipa mlangoni kila usiku. Kilichokosekana ni daraja la kuaminika baina ya mlango na mtengenezaji. Volta ya Juu ilijenga kipande cha daraja hilo kwa sehemu ndogo ya kila tikiti, na kipande hicho kikatosha kuleta filamu ndefu katika lugha ya watu wake. CIDC ilitaka kujenga daraja zima, ikaangushwa na wale wale waliokuwa wavuke juu yake. Wapendao Kiswahili kiendelee kusemwa katika filamu zilizo bora wana sababu ya kuuliza juu ya kamusi na sarufi, na wana sababu iyo hiyo ya kuuliza nani anahesabu tikiti, na hesabu hiyo anampelekea nani.